Watoto Waliisha Kabla ya Kumfikia

Mjukuu wangu alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Watu wa Nairobi wanaochapa vitabu walimwandikia kwamba wamekisoma kitabu chake, wamekipenda, na sasa wanataka neno moja: wakichape au wakiache. Badala ya kuwajibu, akapanda kuja kwangu Gakindu Jumamosi asubuhi, karatasi zote amezibeba kwenye bahasha kubwa ya kaki. Akaniamkia, akanywa chai, kisha akasema, "Cucu, ni wewe utajibu."

Mimi si mtu wa kuzungushwa. Nikamuuliza, "Nimeandika mimi?"

"Hapana."

"Sasa mimi ninahusika wapi?"

"Kuna mtu wako ndani. Nimetumia jina lake. Nikilitoa, kitabu kinabaki maganda. Ukikataa nitawaambia wakiache, na sitakuuliza tena."

Nilimwangalia. Yeye ni wajina wangu, mtoto wa kwanza wa kike wa kijana wangu wa kwanza, kwa hivyo alipewa jina langu na pua yangu pia. Anaishi Majengo, pale mjini Nyeri, chumba kimoja cha kukodi, na anafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Watu wakiisha dukani ndipo huandika mambo yake. Miaka mitatu alikuwa akiandika kitu kimoja, na tulipomuuliza ni nini alisema ni hadithi. Sasa hadithi ilikuwa mezani kwangu, nzito kama tofali, na nilijua jina analosema kabla hajalitaja. Ni la dada yangu.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu hataelewa lolote. Kwetu watoto hupewa majina kwa foleni. Kijana wa kwanza huitwa baba ya mume, wa pili huitwa baba ya mke. Msichana wa kwanza ni mama ya mume, wa pili ni mama ya mke. Wakishapita hao wazee wanne ndipo mnaanza ndugu, wa upande wa mume kwanza, halafu wa upande wa mke, zamu kwa zamu. Mtu aliyepata wajina hajaisha. Atakufa, ndiyo, tutamzika, lakini jina lake litaitwa uani asubuhi kuja kunywa uji, litachapwa, litatumwa maji. Asiyepata ndiye anaisha.

Mimi Mungu alinipa vijana wawili na wasichana watatu. Wasichana wawili wakachukua mama wawili, wa tatu akachukua dada mkubwa wa mume wangu. Baada ya hapo tumbo lilifunga. Dada yangu alikuwa anafuata kwa foleni, na dada yangu alikufa akiwa mtoto, hakuacha wake. Kwa hivyo hakupata mtu. Mjukuu wangu alipokuwa darasa la tatu walipewa kazi ya shule ya kuandika watu wa familia, na yeye akaja kuniuliza. Nilimtajia wote, na mwisho nikamwambia, "Weka na huyu dada yangu." Akauliza, "Huyu wajina wake ni nani?" Nikamjibu vile nilivyozoea kuwajibu watu wote: "Hana. Watoto waliisha kabla ya kumfikia."

Sikujua kama mtoto wa miaka tisa anaweza kuweka neno kifuani miaka kumi na tano.

Jumamosi hiyo ya bahasha ilikuwa ya kuchuma kahawa, na mchana tulikuwa tumemwaga buni juu ya magunia uani kuzichambua, nyekundu huku, mbichi na zenye ugonjwa kule. Kiwandani hawataki mchezo. Ukipeleka mbichi ndani ya nyekundu, karani atakumwagia debe zima hapo chini mbele ya watu. Mjukuu wangu akaketi juu ya kigoda, akaanza kunisomea nikichambua.

Kitabu amekiandika kwa Kiswahili. Hiyo ni kwa sababu ya mama yake. Mke wa kijana wangu ni binti ya polisi aliyeletwa kazini Nyeri kutoka magharibi, na alipoolewa hapa hakujua Kikuyu na mimi sikujua lugha yao. Tulikutana kwenye Kiswahili. Changu nilikiokota sokoni, chake kilikuwa cha shule, na kwa hicho hicho tuligombana miaka minne kabla hatujaanza kupendana. Lugha ambayo watu wamegombana nayo hivyo na bado wakakaa pamoja, hiyo naiheshimu.

Alisoma vizuri. Kitabu kinaanza na msichana wa miaka kumi na mmoja anayetembea kandokando ya Mlima tangu zamani za mkoloni, na hakui. Leo yuko Karatina, kesho yuko Nanyuki, siku ya soko yuko Kagio. Nyumba ikipata mtoto yeye hutokea mlangoni na kuuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Akiambiwa jina la mtu mwingine, anaomba tone moja tu, kwa kidole gumba cha mama, na tone hilo linamtosha kukumbuka uso wa mama yake kwa siku moja. Asipolipata anasahau. Kisha nikasikia, "mnyonya damu." Mstari wa pili baada ya hapo, nikasikia jina la dada yangu.

Nilisimama na buni zote zikamwagika kutoka kwenye aproni yangu.

"Funga hiyo kitu."

"Cucu, si ungoje kwanza ufike..."

"Nifike wapi? Umemfanya dada yangu shetani."

"Si shetani. Mimi nampenda huyo mtoto."

"Unampenda halafu unamnywesha damu za watu? Hata mbuzi hatumfanyii hivyo."

Akazikusanya karatasi, akazirudisha ndani ya bahasha. Kesho yake akarudi Majengo, na bahasha akaiacha juu ya kabati ya vyombo. "Ukitaka umalize," akasema. "Usipotaka, nipigie tu simu useme hapana. Sitakasirika." Nilijua atakasirika. Nilijua pia kwamba angeshika neno lake, na kitabu cha miaka mitatu kingekufa kwa sababu ya hapana yangu moja.

Jumapili hiyo nikafanya kosa. Badala ya kusoma, nikaenda kusema. Baada ya ibada niliwaendea kina mama wa kanisa, nikamwambia kiongozi wao, ambaye mume wake na wangu walitahiriwa mwaka mmoja, ndiyo maana tunaitana wakini, yaani mtu wa rika langu, kwamba nyumbani kwangu kuna kitabu cha wanyonya damu na sina amani. Kwetu ukisema hivyo mbele ya mama wa kanisa, umeshapiga kengele. Alhamisi saa nane walikuwa langoni, wanane, vitambaa vyeupe kichwani, na chupa ya mafuta ya kuombea.

"Wakini, tumesikia kuna kitu cha giza kwako," kiongozi akasema.

"Nani amewaambia?"

"Si ni wewe! Jumapili! Unataka tuseme tumeota?"

Niliona aibu, nikawakaribisha. Mke wa kijana wangu alitoka kwake na thermos ya chai, maana hawezi kuona wageni akaketi. Walitaka bahasha iwekwe katikati ya ua waombe. Lakini mmoja wao, mjane mmoja mfupi anayeuza mboga Gakindu, akasema, "Tunaombea nini? Mimi siwezi kukemea kitu sijakijua. Inaweza kuwa tunakemea barua ya shule."

"Ni kweli," mwingine akasema. "Asome kidogo. Kidogo tu, tujue adui."

Wakamgeukia mke wa kijana wangu, kwa kuwa Kiswahili chake ndicho kilichonyooka. Akasimama na karatasi akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kwaya. Walisikiza wamekaza nyuso. Akafika pahali msichana yule anapata shamba dogo huko Kirinyaga, analima vitunguu saumu na kuviuza soko la Kagio.

"Ngoja," kiongozi akasema. "Hao si ndio huogopa kitunguu saumu?"

"Hao ni wa filamu," mke wa kijana wangu akasema. "Huyu ni wa huku."

"Na jua je? Si huungua na jua?"

"Mama, mtu ataungua na jua ya huku Mlimani, ambayo hata nguo haikaushi?"

Walicheka, hata mimi, na nilikuwa nimekasirika. Tangu hapo mambo yaliharibika kabisa. Kila akitaka kuacha wanamwambia amalize ukurasa. Kukawa na mama mmoja tajiri, mgonjwa wa sukari, katika kitabu ambaye msichana alimwomba tone akamfungulia mbwa, na mama wa kanisa wakamkasirikia huyo mama kama ni jirani. "Tone moja tu!" mjane wa mboga akasema. "Na sindano ya sukari anajidunga kila siku!" Ikafika saa kumi na moja na chupa ya mafuta bado imefungwa. Kiongozi akasimama akapangusa sketi.

"Basi tuombe, tumechelewa."

"Tunaomba dhidi ya kitabu?" nikauliza.

Alifikiri. "Tunaomba kwa ajili ya huyo mtoto. Ana taabu nyingi." Wakaomba hivyo. Na langoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Wakini, mwisho atapona?"

"Sijui. Sijafika."

"Ukifika uniambie."

Walipoondoka nilimwambia mke wa kijana wangu aketi asome mwisho. Sikutaka kulala bila kujua. Akaruka mpaka sura ya mwisho, nami nikashika kikombe mikononi.

Katika sura hiyo watu wa kijiji wamemchoka msichana. Wanamtafuta. Yeye amejificha kwenye ghala la bibi mmoja mzee, mkali, asiyecheka, mwenye aproni yenye mifuko miwili. Hapo mke wa kijana wangu alikohoa akasema, "Mama, huyu kama ninamjua." Nikamwambia asome. Watu wanakuja na mienge, wanamkuta bibi amesimama njiani. Wanamuuliza, "Yuko hapa?" Bibi anatazama chini, anaogopa kwa ajili ya nyumba yake, na kwa kidevu anaonyesha ghala. Wakalichoma. Kitabu kikaisha.

Mke wa kijana wangu aliangua machozi, akasema ni mwisho mzuri ingawa unauma. Mimi sikulia. Niliweka kikombe chini na nikamwambia ampigie simu binti yake. "Mwambie aje Jumamosi. Asikose."

Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatatu.

Alikuja. Alikuwa amekonda, na ameshajitayarisha kusikia hapana; niliiona kwenye mabega yake. Nilimwambia aketi, asitoe karatasi, asitoe simu, asinikatize. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mume wangu miaka arobaini ya ndoa, wala padre, wala mama yangu mwenyewe ingawa alikuwepo.

Ilikuwa miaka ile tuliyotolewa mashambani na mkoloni tukakusanywa kwenye vijiji, nyumba zikigusana, mtaro umetuzunguka. Nilikuwa na miaka saba, dada yangu kumi na mmoja. Alishikwa na kifua. Wakati huo kulikuwa na gari la hospitali lililokuja kuchukua watoto wagonjwa, na dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, Mwafrika, mwenye koti jeupe. Na kulikuwa na maneno. Watu walisema gari lile halipeleki watoto hospitali, kwamba ni gari la wanyonya damu, kwamba watoto hulazwa wanafungwa mipira mikononi na damu yao hugeuzwa dawa ya wazungu. Kila mtu alimjua mtu anayemjua mtu aliyeona. Mama yangu hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke ambaye mume wake alikuwa amechukuliwa na gari, kaka yake akachukuliwa na gari, na hakuna aliyerudi wakati huo. Gari kwake lilikuwa kitu cha kuchukua tu.

Siku dresa alipokuja, mama alimficha dada yangu nyuma ya kuni, akamfunika na ngozi ya mbuzi. Akaniambia mimi, "Simama mlangoni. Akiuliza, sema hayuko, ameenda kwa cucu yake." Mama mwenyewe aliketi ndani kwa sababu uso wake haukujua kudanganya. Wangu ulijua.

Dresa akaja akauliza. Nikasema hayuko. Akaniuliza ameenda wapi, nikasema. Alikuwa anageuka kwenda, na hapo dada yangu akakohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi, nilisikia vile alivyojaribu, kikatoka hata hivyo. Dresa akasimama. Na mimi, kabla hajauliza, nikakohoa. Nilikohoa kama yeye, hivyo hivyo, nikakohoa tena. Yule mtu akarudi akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi. Alinitazama sana. Nadhani alijua. Lakini alikuwa na nyumba nyingi na askari walikuwa wanamharakisha, akaenda.

Dada yangu alinisifu. Hilo ndilo sina mahali pa kulipeleka. Kule nyuma ya kuni alinishika mkono akasema, "Wewe ni mjanja." Siku ya tatu akafa.

Nilipomaliza hapo mjukuu wangu alitaka kusema kitu. Nikainua mkono. Nilikuwa sijafika.

"Nilikuambia watoto waliisha," nikasema. "Hawakuisha. Nilipopata msichana wa tatu, babu yako alinijia hospitalini. Aliniambia, 'Dada yangu mimi ana wajina watatu tayari, kwa kaka zangu. Huyu mpe dada yako. Nimeshaongea na wazee, hakuna anayekataa.' Alikuwa mtu mzuri, babu yako. Nikamwambia hapana, foleni ni foleni. Watu walinisifu mpaka leo kwamba nashika desturi. Ningewezaje kumwita mtoto jina lile kila asubuhi? Akikohoa usiku ningefanya nini? Niliogopa. Hiyo ndiyo habari yote."

Kuku walikuwa wanakwaruza chini ya kahawa. Mjukuu wangu alikuwa analia bila sauti.

"Cucu, ulikuwa na miaka saba."

"Sikukuita hapa unihurumie."

"Sawa."

"Nilikuita kwa sababu ya huyo bibi wako wa aproni. Hakuonyesha kwa kidevu, umesikia? Watu hawafanyi ubaya hivyo, wakijua ni ubaya. Yeye alidhani anamficha. Alifanya kazi yake vizuri kabisa."

Akafuta uso kwa mkono wa sweta. Nikaona yule mtu mwingine anaamka ndani yake, yule anayeandika. "Basi nimekosea mwisho," akasema.

"Umekosea."

"Afanye nini, basi? Wamekuja, wana mienge, yeye amesimama njiani."

Sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu namna ile. Kuulizwa kama ninajua. "Aseme, 'Yuko. Yuko kwangu, na mtapita juu yangu.' Halafu aende akafungue ghala."

"Halafu?"

"Amuulize jina lake. Kitabu chako chote mtoto anauliza watu majina, na hakuna mmoja anayemuuliza lake. Wote wanamuuliza unataka nini."

Alinitazama mdomo wazi. "Haki ya Mungu, Cucu. Miaka mitatu na sikuona."

"Halafu ampe uji."

"Uji?"

"Mtoto amekaa na njaa miaka sitini na kitu. Tone la damu litamsaidia nini? Ampe uji wa wimbi, mzito, wa kuchacha, anywe akae karibu na moto."

"Cucu, kitabu cha wanyonya damu kiishe kwa uji? Watu wa Nairobi watanicheka."

"Kama hutaki maoni yangu kwa nini ulikuja na bahasha?"

Akacheka huku bado analia, kamasi na yote, akainama akaweka kichwa magotini pangu kama alivyofanya akiwa mdogo. Nikamwacha kidogo. Halafu akauliza lile lililomleta kwangu tangu mwanzo, kwa sauti ndogo: "Na jina? Nilitoe?"

Nimesema mimi ni mtu wa kushika foleni. Nilifikiri juu ya wasichana wangu watatu na wajukuu kumi na mmoja, na jinsi wote walivyopita mbele ya mtoto yule mmoja nikiwahesabu kwa haki. "Liache," nikamwambia. "Liweke na mbele kabisa, pahali watu wanaona wakifungua. Na uandike kwamba ni mimi niliyekupa."

Akatoa simu akawaandikia pale pale, akanisomea: kwamba anakubali, lakini sura ya mwisho anaibadilisha, wampe wiki tatu. Walimpa mbili.

Kitabu kimetoka sasa. Kiko hapa juu ya meza na mimi hukisoma ukurasa mmoja kwa siku nikifuata na kidole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la pili, na mengine niliyapata ukubwani kwa masomo ya ngumbaru, jioni, na mtoto mgongoni. Nilimwambia kiongozi wa mama wa kanisa kwamba mtoto anapona. Akasema alijua, walikuwa wameomba. Nayaandika haya kwa mkono wangu na mjukuu amesahihisha nukta tu. Wako watu wa kushukuru. Namshukuru mke wa kijana wangu, aliyenisomea mpaka mwisho bila kunifichia kitu. Namshukuru yule mjane wa mboga aliyesema hawezi kukemea asichokijua. Laiti tungekuwa na mmoja kama yeye katika kijiji kile. Namshukuru mume wangu, aliyenipa mlango nikakataa kupita na hakunikumbusha hata siku moja. Na huyu wajina wangu, yeye sijui nimshukuru vipi. Alichukua neno la uongo nililompa akiwa mtoto, akalitunza vizuri mpaka nikaona aibu nikampa la kweli.

Lakini zaidi ya kitabu nashukuru ile Jumamosi yenyewe. Baada ya kutuma jibu lake tulikuwa bado na kahawa ya kuchuma, safu nne za juu, na kahawa haingojei mtu amalize kulia. Tukajifunga vikapu kiunoni, yeye upande mmoja wa safu na mimi upande mwingine, majani katikati yetu. Akaniuliza kupitia majani, "Alikuwaje?"

"Nani?"

"Dada yako. Kabla ya kifua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilidhani sina kitu cha kusema. Miaka yote hiyo nilikuwa na ile siku moja tu, imesimama mlangoni, haipishi nyingine. Nikachuma tawi zima. Kisha nikasema alikuwa anapiga mluzi, na wasichana walikatazwa. Nikasema aliiba viazi vitamu kwa shamba la mjomba akaniambia ni vyetu kwa sababu mvua iliyovinyeshea ilipitia kwetu kwanza. Nikakumbuka alikuwa na pengo hapa mbele na aliweza kutema mate kupitia hapo mbali kuliko vijana. Akaniuliza, mbali kiasi gani, na nikatema kumwonyesha, mwanamke wa umri wangu, na mate yakaangukia kwenye kikapu chake.

"Cucu!"

"Yeye angefika mpaka kwa ile migomba."

Tulifika kiwandani tumechelewa, na karani alisema maneno. Nilikuwa bado naongea.